Swali la tisa: kisa cha profesa wa saikolojia kati ya darasa na huduma ya jamii

## Kisa na mipaka yake

Kisa hiki kinamhusu profesa wa saikolojia aliyefundisha chuo kikuu kwa miaka 31, na kwa miaka 22 kati ya hiyo akaendesha huduma ya usikilizaji na ushauri nasaha kwa wakazi wa mitaa iliyozunguka chuo. Jina, chuo, nchi na tarehe za matukio vimeondolewa. Taarifa za wateja zimebadilishwa kiasi kwamba hata mwenyewe akisoma hawezi kujitambua. Tutamwita Profesa, ingawa kwa sehemu kubwa ya kisa alikuwa bado mhadhiri mwandamizi, na kucheleweshwa kwa cheo hicho ni sehemu ya tunayoyachambua.

Walengwa ni wahadhiri wanaotaka kufunga kozi na huduma katika kamba moja. Wengi huanza kwa moyo mweupe, wakafanya kazi nzuri miaka miwili mitatu, kisha huduma ikafa kimyakimya wao wakibaki wamechoka. Sababu zinajulikana. Ni vile tu hazikai zote mahali pamoja.

## Usuli: mtaalamu wa kumbukumbu

Profesa aliajiriwa kufundisha kozi tatu kwa muhula. Kubwa ilikuwa utangulizi wa saikolojia, wanafunzi 240 katika ukumbi mmoja. Eneo lake la utafiti lilikuwa kujifunza na kumbukumbu, na baadaye aliongeza mafunzo ya ushauri nasaha hadi akapata leseni. Leseni hiyo ni ya kutaja mapema, kwa sababu mahali pengi asiye na leseni haruhusiwi kuwasimamia wanafunzi mbele ya wateja halisi, hata awe profesa wa daraja gani.

Kwenye ule ukumbi wa watu 240 alifanya badiliko moja lililoleta kelele. Kila kipindi kilianza kwa jaribio la dakika 8 lenye maswali 5: mawili ya mhadhara uliopita, mawili ya wiki mbili nyuma, moja la mwezi uliopita. Majaribio yote ya muhula yalibeba alama 10 kati ya 100, yaani chache kiasi cha kutomwangusha mtu, nyingi kiasi cha kumtoa kitandani. Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba kumbukumbu hushuka kwa kasi siku za mwanzo, kisha hutulia. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kwamba ukipimwa baada ya dakika 5, aliyerudia kusoma ndiye anayeshinda; ukipimwa baada ya wiki, anashinda aliyelazimika kukumbuka bila kuangalia.

Muhula wa kwanza tathmini za wanafunzi zilishuka. Walilalamika kwamba "tunafanyishwa mtihani kila siku". Profesa hakurudi nyuma, ila alitumia dakika 20 za wiki ya kwanza kueleza kwa nini majaribio yapo. Malalamiko yakapungua, na majibu ya insha za mwisho wa muhula yakaanza kutaja mambo ya wiki ya pili na ya tatu, kitu ambacho awali hakikuwepo.

Msomaji aishike habari hii ya majaribio. Itarudi, na itakaporudi haitampendeza Profesa.

## Alhamisi alasiri

Mwaka 1969 George Miller, akiwa rais wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, aliwataka wenzake waigawe saikolojia kwa watu wa kawaida badala ya kuifungia kwenye maabara. Profesa alikuwa akiirejea hoja hiyo kila mwaka katika mhadhara wa kwanza. Mwaka mmoja mwanafunzi wa nyuma kabisa akanyoosha mkono: "Na sisi tunaigawa lini, Profesa?"

Ndipo ilipoanza. Chumba kimoja cha ukumbi wa jamii, Alhamisi alasiri, kwa muda wa saa mbili, watu watatu hadi watano kwa wiki. Hapakuwa na fomu wala daftari la rufaa. Kilichohitajika kukumbukwa kilikaa kichwani mwa Profesa. Kwa wateja watano mpango huo unatosha. Baada ya miaka miwili palikuwa na viti 6 mlangoni na watu 15, na wengine walikuwa wamekuja kwa mara ya tatu bila kufikiwa.

Alikuwa na njia tatu: kupunguza watu, kuongeza siku zake mwenyewe, au kuwaingiza wanafunzi. Ya kwanza ilimshinda moyo. Ya pili aliijaribu kwa muhula mmoja, ikala muda wa kusahihisha hadi matokeo ya mtihani yakachelewa wiki tatu. Ikabaki ya tatu.

## Kozi ya wiki 14

Wanafunzi 12 wa mwaka wa tatu walichaguliwa kwa usaili, wakagawanywa vikundi viwili vya watu 6, kila kikundi na alasiri yake yenye zamu ya muda wa saa 3. Wiki 4 za kwanza zilikuwa za darasani: usiri na mipaka yake, ridhaa, stadi za kusikiliza, jinsi ya kutumia dodoso, jinsi ya kutoa rufaa. Wiki ya 5 hadi ya 12 walikuwa kwenye huduma. Mbili za mwisho zilikuwa za ripoti. Alama ziligawanywa hivi: 40 kwa utendaji, 30 kwa shajara ya tafakuri, 30 kwa ripoti.

Mipaka ya kazi ilikuwa wazi kwenye karatasi. Mwanafunzi si mnasihi. Anampokea mteja, anaeleza usiri, anajaza fomu, anasimamia dodoso, anasikiliza kwa dakika 25, kisha anampeleka panapostahili. Wazo hili halikuwa la kubahatisha. Huko Zimbabwe, Dixon Chibanda na wenzake waliwafunza wahudumu wa afya wa jamii kusaidia watu wenye sonona kwa vikao vya kutatua matatizo, wakikaa kwenye benchi nje ya kliniki, na jaribio lao lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha nafuu iliyo wazi kuliko huduma ya kawaida. Asiye mtaalamu anaweza kusaidia, ilimradi amefunzwa kazi mahususi na ana mtu wa kumsimamia kwa karibu. Hilo la mwisho ndilo lililolegea hapa.

## Wiki ya 7

Dodoso lililotumika ni PHQ-9, la kupima dalili za sonona. Lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likijibiwa kwa alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27. Kuanzia 10 kwenda juu huhesabiwa kuwa dalili za kadiri au zaidi, na hapo ndipo wanafunzi waliagizwa kumwita msimamizi. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kwamba ni afadhali kufa, au ya kujidhuru.

Alasiri hiyo kijana mmoja alipata jumla ya 6. Usingizi 2, uchovu 2, kukosa raha 1, na swali la tisa 1, yaani "siku kadhaa". Mwanafunzi alijumlisha, akaandika "dalili hafifu", akampangia miadi ya wiki mbili mbele na kumsindikiza hadi mlangoni. Profesa alikuwa chumba cha pili na mteja wake mwenyewe. Fomu za siku zilikwenda kwenye bahasha, kusubiri kikao cha usimamizi kesho yake saa 4 asubuhi.

Kesho yake Profesa alipoifikia fomu hiyo alisimamisha kikao. Simu ya mteja haikupokelewa mara mbili. Fomu haikuwa na nafasi ya mtu wa pili wa kumpigia. Mara ya tatu, saa 7 mchana, ilipokelewa. Kijana alirudi siku hiyohiyo, akakaa na Profesa kwa saa moja. Mawazo yalikuwepo. Hakuwa na mpango wala hakuwa ameandaa njia. Wakatengeneza pamoja mpango wa usalama wa hatua 6: dalili za kujitahadharisha, mambo anayoweza kufanya mwenyewe, watu na mahali pa kutuliza akili, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu wa kupigiwa, na kuondoa vitu vya hatari mahali anapoishi. Kisha akasindikizwa hadi kliniki ya afya ya akili hospitalini. Hakupewa barua tu na kuambiwa aende.

Mwanafunzi aliposikia alisema neno moja tu la kujitetea: "Profesa, nilijumlisha mara mbili."

Na kweli alikuwa amejumlisha sawasawa, kwa hiyo kosa halikuwa la hesabu. Jumla ilikuwa 6, na maelekezo yalisema aangalie jumla. Alipoulizwa alifanya nini alipoona ile 1, akasema alimuuliza mteja, "Lakini huna mawazo mabaya, sivyo?" Mteja akajibu hana. Swali la namna hiyo lina jibu lake tumboni: linamwambia mtu anachotakiwa kusema ili msikilizaji apumue.

## Uamuzi uliofuata

Uongozi wa idara ulitaka mwanafunzi aondolewe kwenye kozi. Profesa alikataa, kwa hoja kwamba wengine 11 wangefanya vilevile. Ili kuthibitisha, aliwapa wote fomu ya mfano yenye jumla ya 7 na swali la tisa limejibiwa 1. Kati ya 12, tisa waliandika "dalili hafifu" bila kumwita mtu.

Huduma ilifungwa kwa wiki mbili. Wateja waliokuwa na miadi walipigiwa simu mmoja mmoja na fomu zote za muhula zikasomwa upya. Ilipofunguliwa, kanuni zilikuwa hizi: jibu lolote la swali la tisa lisilo 0 linamwita msimamizi kabla mteja hajasimama kitini, jumla iwe 3 au 23. Fomu haitoki chumbani bila saini ya msimamizi. Namba ya mtu wa pili, kwa ridhaa ya mteja, inaandikwa kabla ya dodoso kuanza. Na msimamizi haoni wateja wake mwenyewe wakati wa zamu.

Hiyo ya mwisho iliuma. Iliondoa nafasi ya wateja wanne kila alasiri, na foleni ikarefuka. Profesa aliikubali gharama hiyo, kwa sababu msimamizi aliyejifungia chumba cha pili na mteja wake hawezi kuitwa bila kumkatiza mtu katikati ya maneno yake, na mwanafunzi mwenye adabu hatabisha hodi.

Badiliko lililoleta tofauti kubwa kuliko yote lilikuwa dogo. Kila kikao cha usimamizi sasa kilianza kwa dakika 10 za wanafunzi wawiliwawili kuuliza swali la kujiua kwa sauti, kwa maneno yaliyonyooka: "Katika siku hizi, umewahi kufikiria kujiua?" Kisha kunyamaza na kusubiri jibu. Wiki ya kwanza wengi walicheka, wengine walilimeza neno lenyewe, mmoja alilibadilisha kuwa "kufanya jambo baya". Kufikia wiki ya tano walikuwa wanalitamka kama wanavyouliza habari za usingizi. Hofu ya kwamba kuuliza kunampandia mtu wazo ni ya kawaida, lakini tafiti zilizokusanywa hazijaonyesha hivyo.

## Moto, na mbinu iliyopitwa na wakati

Miaka michache baadaye moto uliteketeza jengo la makazi karibu na chuo. Siku ya pili viongozi wa eneo walimwomba Profesa awakusanye walionusurika wote, kila mmoja asimulie alichoona, "ili watoe yaliyo moyoni". Profesa alikubali. Mbinu ya kikao kimoja cha kusimulia tukio ilikuwa kwenye maandalio yake ya somo kwa miaka mingi, na aliifundisha kama jambo lililothibitika.

Aliyempinga alikuwa msaidizi wake, mhitimu wa kozi ileile. Alimletea mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyoonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii maradhi ya kiwewe, na kwamba katika baadhi ya majaribio waliopewa walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye. Profesa alisoma usiku, asubuhi akafuta mpango.

Badala yake walifuata huduma ya kwanza ya kisaikolojia kama ilivyo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011, wenye nguzo tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Kwa vitendo maana yake ilikuwa maji, blanketi, mahali pa kuchajia simu, orodha ya nani yuko wapi ili ndugu wakutane, na kona tulivu kwa anayetaka kukaa peke yake. Anayetaka kusema alisikilizwa, asiyetaka hakuulizwa. Wiki ya 4 walirudi na kuwapima waliokubali, kwa kuwa wengi hupata nafuu wenyewe na wanaobaki nyuma huonekana vizuri zaidi baada ya muda huo.

Kiongozi mmoja alikasirika: "Tumeita wanasaikolojia, mmekuja kugawa blanketi?" Ni swali la haki kwa mtu asiyejua. Jibu la Profesa lilikuwa kwamba aliyepoteza nyumba usiku wa jana akijua mtoto wake yuko salama wapi, moyo wake umepata tiba kuliko ambayo kikao chochote kingempa siku hiyo.

## Faili la kwanza na faili la pili

Baada ya miaka 9 ya huduma aliomba kupandishwa kuwa profesa kamili. Alinyimwa. Faili lake lilikuwa na barua 14 za shukrani, picha, na maelezo marefu ya moyo wake wa kujitolea. Kamati iliandika kwamba huduma ni ya kupongezwa lakini "haina ushahidi wa kitaaluma". Wenzake waliona ni dhuluma. Kwa kulisoma faili lenyewe, kamati ilikuwa na hoja.

Mwaka 1990 Ernest Boyer alipendekeza kwamba usomi una sura nne: kugundua, kuunganisha maarifa, kuyatumia, na kufundisha. Vyuo vingi vinanukuu pendekezo hilo, lakini kuyatumia maarifa si sawa na kuwa mtu mwema mtaani. Lazima kuwe na kitu ambacho msomi mwingine anaweza kukikagua, kukikosoa na kukirudia. Barua ya shukrani haikaguliki.

Faili la pili lilikuja miaka 4 baadaye. Lilikuwa na mwongozo wa huduma wa kurasa 46, rejista ya saa za usimamizi, takwimu za rufaa zikionyesha wangapi walifika hospitalini na wangapi hawakufika, na makala kuhusu mazoezi ya swali la tisa, iliyochapishwa na majedwali ya makosa ya wanafunzi bila kufichwa. Barua za shukrani zilikuwa mbili. Akapandishwa.

## Matokeo na kukabidhi

Miezi 18 kabla ya kustaafu, Profesa alianza kumwandaa mhadhiri wa kumrithi. Walishirikiana zamu, mwongozo ukasahihishwa, funguo zikatolewa nakala. Kwa nje makabidhiano yalikamilika.

Miezi mitatu baada ya Profesa kuondoka, rufaa za hospitali zilifika sifuri. Njia ya rufaa ilikuwa namba ya simu ya muuguzi mmoja aliyefahamiana na Profesa kwa miaka 15. Muuguzi alihamishwa kitengo. Mwongozo wa kurasa 46 ulikuwa na ukurasa mzima juu ya mpangilio wa viti, lakini kuhusu hospitali uliandika tu "wasiliana na kliniki". Mrithi alifunga huduma kwa muhula mmoja, akafanya alichopaswa kukuta kimefanyika: makubaliano ya maandishi kati ya idara na hospitali, yakitaja cheo cha mpokeaji badala ya jina, muda wa juu wa kusubiri, na fomu ya kurudisha jibu. Huduma ilifunguliwa tena ikiwa na alasiri moja badala ya mbili.

## Uchambuzi

Jambo linaloshangaza zaidi katika kisa hiki ni kwamba mtaalamu wa kumbukumbu ndiye aliyefundisha swali la tisa mara moja tu, katika mhadhara wa wiki ya 2, akategemea likumbukwe wiki ya 7 mbele ya mtu anayetetemeka. Ukumbini asingethubutu. Kwa wale 240 alijua kwamba jambo lililosikika mara moja halikai, na alikuwa tayari kushushiwa tathmini kwa ajili ya msimamo huo. Alipovuka barabara kwenda ukumbi wa jamii, aliuacha ujuzi huo darasani. Nadhani sababu ni namna alivyoitazama huduma: kama ukarimu, na ukarimu hatuutungii maandalio ya somo. Dakika 10 za mazoezi kila wiki hazikuwa kitu kipya. Yalikuwa majaribio yake yaleyale ya dakika 8, yamehamishwa chumba.

Kwa jicho hilohilo tazama mbinu ya kusimulia tukio. Profesa hakuwa mvivu wa kusoma. Katika eneo lake la kumbukumbu alikuwa na makala za mwezi uliopita. Lakini maandalio ya kiwewe yalikuwa ya "upande wa huduma", na upande huo hakuna aliyeukagua. Nia njema haimlindi mteja. Mradi wa Cambridge-Somerville huko Massachusetts, ulioanza mwaka 1939, uliwapa wavulana washauri na msaada kwa miaka kadhaa. Joan McCord alipowafuatilia ukubwani na kuchapisha mwaka 1978, waliosaidiwa hawakuwa bora kuliko wasiosaidiwa, na kwa baadhi ya vipimo walikuwa na hali mbaya zaidi, ingawa wengi wao walisema mradi uliwafaa. Barua 14 za shukrani zisomwe zikiwa pembeni ya habari hiyo.

Hilo linagusa pia jedwali moja la makala yake, ambalo kwa maoni yangu lilipaswa kuandikwa kwa tahadhari zaidi. Lilionyesha alama za PHQ-9 zikishuka kati ya ziara ya kwanza na ya tatu. Watu huja kutafuta msaada siku zao mbaya kuliko zote, kwa hiyo alama zingeshuka kiasi hata kama wangekaa nyumbani. Juu ya hapo, wasiorudi mara ya tatu hawamo kwenye jedwali, na hatujui kama waliacha kwa kupona au kwa kukata tamaa. Bila kundi la kulinganisha, hata la watu walio kwenye foleni ya kusubiri, jedwali hilo linapima kuja kwa watu zaidi ya linavyopima huduma.

Kilichofanya kazi vizuri tangu mwanzo ni mipaka ya uhusiano. Mwanafunzi yeyote wa Profesa aliyekuja kutaka ushauri alipelekwa kwa mnasihi wa nje siku hiyohiyo, kwa kanuni kwamba anayekusahihishia karatasi hawezi kuwa mnasihi wako. Mmoja alisisitiza, "Lakini mimi nakuamini wewe, Profesa," na jibu likabaki lilelile. Hakuna malalamiko ya aina hiyo katika miaka 22, na si bahati. Shajara za tafakuri, kinyume chake, zilivuja. Wanafunzi waliandika umri, kazi na mtaa wa mteja, wakaziacha maktaba. Zilibadilishwa kuwa namba za siri bila maelezo ya mtu, mwanafunzi akiandika alichohisi na alichofanya yeye tu. Zikawa shajara bora zaidi kwa sababu hiyo.

Tatizo ambalo halikupata ufumbuzi kamili ni kalenda. Muhula una wiki 14. Huzuni haifuati muhula. Miaka ya mwanzo wateja walikuta mlango umefungwa wakati wa likizo bila taarifa. Baadaye kuaga kulianza wiki ya 10, mteja mpya hakupokelewa baada ya wiki ya 11, na wahitimu wawili wenye leseni walishika zamu za likizo kwa kujitolea. Kujitolea huko kulidumu kadiri walivyokosa kazi nyingine.

Halafu kuna hesabu ya saa. Kwa wiki moja ya kozi: zamu mbili za saa 3 ni saa 6. Vikao viwili vya usimamizi, saa 2. Fomu 24 kwa dakika 5 kila moja, saa 2. Simu za rufaa, saa 1. Jumla saa 11, na chuo kilimhesabia saa 3, kama kozi yoyote ya ukumbini. Saa 8 zilizobaki zilitoka kwenye usingizi, familia, na utafiti ambao kamati ya vyeo ilikuja kuuliza uko wapi. Profesa hakuwahi kuiandika hesabu hiyo kwa mkuu wa idara. Aliona ni kulalamika.

Mrithi wake aliiandika kabla ya kusaini kupokea huduma. Idara ilijibu kwa kumpunguzia kozi moja na kukubali saa 6. Ndiyo maana alasiri ni moja.